Barua kwa mwanangu Biira: masomo ya muhula huu na chumvi ya Katwe

Mwanangu mpendwa Zainabu Biira,

Assalamu alaikum. Salamu nyingi kutoka Katwe, kando ya ziwa letu la chumvi hapa Kasese, Uganda. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Baba yako anakusalimu, bibi yako naye haishi kuuliza kama huko bwenini mnakula mkashiba, na mdogo wako Kabugho homa imemwacha, ameshaanza kunisumbua tena. Kwa kuwa shuleni simu haziruhusiwi, nimeona nikuandikie kwa kirefu, kisha mjomba wako akuletee atakapopanda Fort Portal.

Nimeisoma ile karatasi ya mada za muhula huu wa pili ambayo shule ilitupa wazazi. Kwanza niliipitisha macho tu, nikitafuta mahali palipoandikwa michango. Nikafika kwenye kemia: asidi, alkali na chumvi. Hapo nikakaa chini, nikaanza upya, polepole. Fizikia: wenzo, egemeo, kanieneo. Jiografia: madini na maziwa. Historia: kuja kwa wakoloni na waliowapinga. Hisabati: eneo na ujazo. Biolojia: lishe. Ujasiriamali: kutunza hesabu za biashara. Nikatoka nje, nikaangalia ziwa kule chini na watu walioinama kwenye majaruba, vile vidimbwi vya kukaushia chumvi. Nikajiuliza, mwalimu aliyepanga mada hizi aliwahi kufika Katwe? Maana karibu kila kitu kilichomo kwenye karatasi hiyo kinafanyika hapa, mbele ya mlango wetu, tangu asubuhi hadi magharibi.

Hilo ndilo lililonifanya nikuandikie. Mna masomo mengi, 12 kwa jumla, 11 ya lazima na moja la kuchagua, na najua kengele ikilia mnafunga daftari hili mnafungua lile, na ya kemia hayakutani tena na ya jiografia. Mimi nakuomba muhula huu uyakutanishe. Wewe umezaliwa mahali yanapokutana, na watoto wengi darasani kwenu hawakupata bahati hiyo.

Mimi nilisoma hadi kidato cha nne kwa mtaala wa zamani. Tulikariri kwamba asidi ikikutana na alkali inatoa chumvi na maji. Tuliandika hivyo ubaoni, tukaandika kwenye mtihani, tukapata alama. Shule ile haikuwa mbali na ziwa hili, na hakuna siku tuliyopelekwa kuliona. Hakuna mwalimu aliyewahi kutuambia, haya chukueni maji ya pale mkayapime. Nilikuja kuyajua mambo ya chumvi nilipoolewa nikaanza kushika jaruba, na hata hapo nilijua kwa mikono, sikujua sababu zake. Mtaala wenu ulioanza mwaka 2020 unawataka mfanye, mjaribu, mweleze, ndiyo maana kazi za darasani na miradi inachukua alama 20 katika 100 za UCE, cheti cha kidato cha nne, na mtihani wa mwisho 80. Wazazi wengi sokoni wanaulalamikia. Mimi naupenda, na nitakueleza baadaye ninachokiogopa ndani yake.

Twende kwenye kemia, maana ndiyo iliyonishika zaidi. Unajua jinsi jaruba linavyofanya kazi, umelichota tangu mdogo. Tunaziba kingo kwa udongo, tunaingiza maji ya ziwa, tunaacha jua lifanye kazi. Maji yanapaa, chumvi inabaki. Lakini je, umewahi kujiuliza kwa nini chumvi ya kwanza kuganda si sawa na ya mwisho? Ya juu, ile tunayoikusanya ikiwa ngozi nyepesi, ni nyeupe na wateja wanaigombania kwa mboga. Ile inayokuja chini ni ya kijivu, chungu kidogo ukiilamba, na wengi wanainunua kwa ajili ya ng'ombe. Maji ni yaleyale, jua ni lilelile. Daftari lako la mwaka jana, lile uliloliacha juu ya kabati, ndilo lililonifungua macho. Uliandika kuhusu kutenganisha michanganyiko. Maji ya ziwa letu hayana chumvi ya aina moja. Yana sodiamu kloridi, ambayo ndiyo chumvi ya chakula, lakini pia yana kabonati na salfeti, na kila moja ina kiwango chake cha kuyeyuka katika maji. Maji yakipungua, isiyoweza tena kuendelea kuyeyuka inaanza kuganda, nyingine inasubiri. Kwa hiyo anayejua wakati wa kukusanya anapata chumvi safi, na asiyejua anapata mchanganyiko. Bibi yako anajua wakati huo kwa kuangalia rangi ya maji na kwa kugusa kwa kidole. Wewe unaweza kuujua kwa kupima, ukauandika, na mwingine akaufuata hata kama hana kidole cha bibi.

Juzi nilifanya jambo dogo jikoni. Nilichukua bonge la chumvi ya mwamba, lile wanaume wanalolivunja katikati ya ziwa, nikaliweka kwenye kisahani cha bati na kulikamulia ndimu. Likachemka! Povu jeupe lilitoka pale pale ndimu ilipodondoka, na sauti ndogo ya kuchuruzika ukiweka sikio karibu. Kabugho alipiga kelele. Nikachukua chumvi nyeupe ya pakiti, nikaikamulia ndimu ileile, haikufanya kitu. Sasa najua sababu: ndimu ni asidi, na bonge letu lina kabonati ndani yake, zikikutana hutoka hewa ya ukaa. Uliza mwalimu wako kama anaweza kuwaonyesha jambo hilohilo kwa asidi ya maabara, na kisha mjaribu na jiwe la chokaa la Hima, lile linalochomwa kutengeneza saruji, maana nalo ni kabonati, ila ya kalsiamu. Mkiwa na karatasi ya litmasi, ichovyeni katika maji ya ziwa niliyokutumia. Nyekundu itageuka buluu. Ndiyo alkali hiyo, na ndiyo inayofanya maji yetu yateleze mikononi kama yana sabuni.

Na ukifika kwenye somo la kutu, kumbuka kiwanda. Wewe umekiona kila siku ukienda kuteka maji, ile mifupa ya vyuma iliyosimama pale. Kilijengwa ili chumvi ya Katwe isafishwe kwa mashine, watu waache kuinama majini. Mabomba yakaliwa na maji haya haya ya chumvi, kiwanda kikafa kabla hakijatufaa. Chuma kinapata kutu kikikutana na maji na hewa, lakini maji yenye chumvi yanaiharakisha sana kazi hiyo. Mimi nakiona kiwanda kile, na moyo unaniuma. Kingekuwa hai leo, mama wengi hapa wasingekuwa na miguu iliyopasuka. Swali la nani alikosea silijui na silitafuti. Swali langu kwako ni la kemia tupu: ni bomba la namna gani lisingeliwa? Hilo ni swali la mtu mzima, lakini linaanzia kwenye mada yenu ya muhula huu.

Fizikia sitaisema sana, wewe mwenyewe unaipenda kuliko mimi ninavyoielewa. Angalia tu mtaimbo wa mjomba wako. Anauingiza chini ya mwamba wa chumvi, anaweka jiwe karibu na ncha ya chini, anabonyeza upande mrefu, na mwamba ambao wanaume wawili wasingeunyanyua kwa mikono unang'oka. Jiwe lile ndilo egemeo. Akilisogeza mbali na mwamba, kazi inakuwa ngumu. Mizani yangu ya sokoni nayo ni wenzo. Walimu wenu wa Elimu ya Kiislamu wanawafundisha kutopunja kwenye vipimo, na wa fizikia wanawafundisha kwa nini mizani ikipinda kidogo upande mmoja mtu anapunjika bila kuona. Masomo mawili, mizani moja. Na vile vyelezo vinavyobeba chumvi ziwani, jaribu kueleza kwa nini vinaelea juu zaidi kuliko vingeelea kwenye ziwa Edward. Jibu liko kwenye densiti, yaani uzito wa maji kwa ujazo uleule.

Jiografia ndiyo somo ambalo natamani ningelirudia. Mwalimu wako akikuuliza kwa nini maziwa mengine yana chumvi na mengine hayana, usimpe jibu la kitabu tu. Mwambie kwamba nyumbani kwenu kuna kilima chembamba, ukisimama juu yake unaona upande huu ziwa Edward lenye maji baridi na samaki na viboko, na upande huu ziwa Katwe ambalo samaki hawezi kuishi. Umbali kati yao unatembea kwa dakika chache. Tofauti ni njia ya kutokea. Maji ya Edward yanatoka kwa mto Semliki, yanaingia ziwa Albert, na yanaendelea na Nile hadi Misri, kwa hiyo kila madini yanayoingia yanapata pa kwenda. Katwe ni shimo lililochimbwa na mlipuko wa volkeno katika Bonde la Ufa. Maji yanaingia kwa chemchemi na mvua, lakini hayatoki, isipokuwa juu angani. Yakipaa yanaacha mzigo wake. Fanya hivyo kwa maelfu ya miaka, utapata tulichonacho.

Na kwa kuwa mnasoma madini, tazama mbali kidogo. Chumvi ni yetu, chokaa ni ya Hima, shaba ilikuwa ya Kilembe, na kwa ajili ya shaba hiyo reli ilifikishwa Kasese mwaka 1956. Wilaya moja, madini matatu, kila moja limetokana na mwenendo tofauti wa ardhi. Halafu juu ya yote hayo ipo Rwenzori, na kilele chake cha Margherita kina mita 5,109. Wageni wengi hudhani ni volkeno kwa sababu ya mashimo yetu ya huku chini. Siyo. Ni pande la ardhi lililosukumwa juu bonde lilipopasuka. Hapo kwenye Rwenzori pia kuna hesabu: barafu yake ilikuwa na eneo la takribani kilomita za mraba 2 mwaka 1987, na ilipofika 2003 ilibaki takribani kilomita ya mraba 1. Nusu imeyeyuka katika miaka 16. Bibi yako anakumbuka weupe uliokuwa ukionekana asubuhi mawingu yakifunguka. Wewe chora grafu yake, halafu useme mstari unaelekea wapi.

Sasa hisabati, maana najua unaikimbia. Jaruba letu kubwa lina urefu wa mita 6 na upana wa mita 5, na tukilijaza maji yanafika sentimita 20. Ujazo wake? Sita mara tano mara 0.2 ni mita za ujazo 6, yaani lita 6,000. Sasa chukua nusu lita ya maji niliyokutumia, ichemshe hadi ikauke, upime kilichobaki. Tuseme umepata gramu 60. Basi lita moja ina gramu 120, na jaruba zima lina gramu 720,000, yaani kilo 720. Mimi sijawahi kutoa kilo hizo kwenye jaruba lile. Nyingine inabaki kwenye udongo, nyingine inaondoka na maji machafu tunayoyamwaga mwishoni. Nikijua ni kiasi gani kinapotea nitajua kama inafaa nitengeneze kingo upya au niache. Mwanangu, hiyo ni hesabu ya mada ya ujazo, ila ndani yake mna ada yako ya shule. Namba ya 60 nimeitoa kichwani tu kukuonyesha njia. Ya kweli utanipa wewe.

Biolojia nayo iko mwilini mwangu. Unakumbuka nilivyokuwa nikipaka mafuta miguuni usiku? Maji ya jaruba yanavuta maji kutoka kwenye ngozi, kwa ile osmosisi mliyoisoma, kutoka penye chumvi kidogo kwenda penye chumvi nyingi. Kidonda kidogo kikiingia humo unakijua. Ndiyo sababu nimekukatalia likizo zote kuingia jarubani bila buti, hata ulipokasirika.

Kwenye mada ya lishe, kuna jambo nataka ulishike vizuri ulieleze na nyumbani. Chumvi tunayoitoa hapa haijaongezwa iodini. Ile ya pakiti imeongezwa. Mwili unahitaji iodini kidogo sana, lakini ikikosekana tezi ya shingoni inavimba, ndilo rovu, na mama mjamzito akiikosa mtoto anaweza kuzaliwa na ubongo usiokua vizuri. Sehemu za milimani ziko hatarini zaidi, kwa sababu mvua inaosha madini hayo kutoka kwenye udongo. Kwa hiyo sisi tunaouza chumvi, nyumbani kwetu tunapikia ya pakiti. Wapo majirani wanaonicheka kwa hilo. Ukija likizo nataka uwaeleze wewe, kwa lugha ya darasani iliyopikwa ikawa ya nyumbani, maana mimi wananiambia najifanya daktari.

Na kama mwalimu anatafuta mfano wa mnyama na chakula chake, mpe heroe wa Munyanyange, ziwa dogo la jirani. Wanakula vimea vidogo visivyoonekana kwa macho vinavyoota kwenye maji ya chumvi, na wekundu wa manyoya yao unatokana na chakula hicho. Watalii wanavuka bahari kuja kuwaona.

Kuhusu historia nina neno la ndani. Mnasoma kuja kwa Waingereza na upinzani wa Kabalega, mfalme wa Bunyoro. Kitabuni huenda Katwe itapata mstari mmoja, au isipate. Lakini chumvi hii ilikuwa mali ya kupiganiwa. Ilikwenda kwa mitumbwi na kwa vichwa vya wapagazi hadi falme za mbali, na aliyeishika Katwe alishika utajiri. Watu wa Kabalega ndio waliokuwa wakiishika wakati Lugard, yule ofisa wa Kiingereza, alipofika mwaka 1891. Akawaondoa, akajenga ngome akaiita Fort George, hapa hapa Katwe. Kusudi lake lilikuwa kumkatia Kabalega kipato cha chumvi na silaha ambazo kipato hicho kingenunua. Kabalega alipigana miaka mingi baada ya hapo, akakamatwa mwaka 1899, akapelekwa Ushelisheli, na alipofunguliwa arudi nyumbani akafia Jinja mwaka 1923, hajafika Bunyoro. Ukimwandikia mwalimu insha kuhusu upinzani, usianze na bunduki. Anza na chumvi, uone kama hoja yako haitasimama imara zaidi ya za wenzako.

Na kuna upande wa baba yako. Lugard mwaka huohuo alikwenda Kavalli, karibu na ziwa Albert, akawachukua askari wa Kisudani waliokuwa wameachwa huko, akawaweka katika ngome alizozijenga Tooro. Wanubi wa Uganda, akina baba yako, wanatokana na askari hao na wenzao. Kwa hiyo katika historia ileile, upande wangu ni wa watu waliochota chumvi, na upande wa baba yako ni wa watu walioletwa na bunduki kuilinda. Wewe umetoka pande zote mbili. Sikuambii hivi ili uone aibu au uone fahari. Nakuambia ili ukisoma maneno "wenyeji" na "askari" ujue hao walikuwa watu wenye mama zao, na mmoja wao huenda ana pua kama yako.

Kiswahili pia kimetufikia kwa njia hizo, kwa askari na kwa wafanyabiashara, ndiyo maana nyumba yetu ya Mkonzo na Mnubi inaongea Kiswahili. Kwenu sasa ni somo la lazima kidato cha kwanza na cha pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Nasikia wenzako wanangojea kidato cha tatu wakiache. Wewe usikiache. Siku ya soko pale Mpondwe, mpakani na Kongo, nasimama na wanunuzi kutoka Kasindi, Beni na Butembo, hatuna lugha nyingine ya kupatana bei isipokuwa hiyo, na anayekijua vizuri hapunjwi. Ila Kiswahili chetu cha sokoni kina mapungufu ya ngeli, na mwalimu wako akikusahihisha usimwambie "nyumbani tunasema hivi." Msikilize, ujue vyote viwili, cha sokoni na cha darasani.

Sasa ninachokiogopa. Nilisikia kwa wazazi wenzangu kwamba katika shule fulani watoto waliambiwa walete mradi, wakanunua sabuni ya maji dukani, wakabandika karatasi yenye majina yao, wakapewa alama. Mzazi ametoa pesa, mtoto hajajifunza kitu, na mwalimu amejaza fomu. Hilo linanikasirisha kweli. Huo ni wizi, na anayeibiwa ni mtoto mwenyewe. Wewe nakukataza. Sitatoa hata shilingi moja ya kununua mradi. Nikisikia umepeleka kitu ambacho hukukitengeneza, nitapanda teksi nije kumweleza mwalimu mimi mwenyewe. Lakini kwa mradi wa kweli nitakupa chochote nilicho nacho: jaruba zima likihitajika, na bibi yako akae kitako akujibu maswali usiku mzima.

Pendekezo langu ni hili, ukilipenda. Fanya mradi wa kupunguza uchafu kwenye chumvi yetu. Maji yachujwe kwanza kwa mchanga na kitambaa kabla ya kuingia kwenye jaruba dogo, kisha chumvi ikusanywe kwa awamu, kila awamu ipimwe uzito na ijaribiwe kwa ndimu. Andika gharama zote kwenye kitabu cha ujasiriamali: kitambaa, siku za kazi, gunia, nauli hadi Mpondwe. Usisahau kuhesabu siku zangu za kazi, maana wanafunzi wengi, na hata wanaume wengi wa hapa, kazi ya mama hawaiandiki kwenye matumizi, halafu wanashangaa faida imetoka wapi. Muhula wenu huu umeangukia kiangazi, maji yanakauka vizuri. Mvua zikirudi tutakuwa hatuna kitu cha kupima, mvua moja kubwa ya saa moja inarudisha kazi ya wiki majini.

Kiingereza, michezo na mengine siyasemi, si kwa kuyadharau. Kimbia uwanjani ulale vizuri. Na kule kwenye insha za Kiingereza, ukikosa cha kuandika, unajua sasa una ziwa zima.

Katika mfuko alioubeba mjomba wako kuna chupa mbili za maji. Yenye uzi mwekundu ni ya ziwani, yenye uzi mweupe ni ya jaruba lililokauka nusu. Usizichanganye, na usimruhusu mtu azionje, kwa sababu tumbo litamuuma. Kuna vifuko vitatu vya chumvi, nimeviandika "kwanza", "pili" na "tatu" kwa mpangilio wa kuganda. Kuna ndimu nane, sabuni, pedi, na kilo mbili za karanga za kukaanga ugawane na Mbambu wa kitanda cha juu. Pesa za matumizi ziko ndani ya soksi ya kijivu.

Mimi na baba yako tutakuja siku ya wazazi kutembelea, tukijaliwa. Kabla ya hapo nahitaji majibu mawili tu. La kwanza, gramu ngapi zimebaki kwenye nusu lita ya chupa ya uzi mwekundu. La pili, kifuko cha ngapi kinachemka zaidi kikikamuliwa ndimu. Mjomba atalala kwa shemeji yake mpaka Jumapili, kwa hiyo ukiweza kupima Ijumaa au Jumamosi kwa ruhusa ya mwalimu wa kemia, mpe majibu arudi nayo. Jumatatu tunafungulia maji mapya kwenye jaruba kubwa, na ningependa nianze na namba zako mkononi.

Mama yako